Ng'ombe wa Kijana wa Makombora

Habari za makombora ya Wachina nazijua kuliko mwanamke yeyote hapa Turwa. Watu wanacheka. Wacheke. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kombora la kutungulia ndege la masafa ya kati naweza kukueleza ni lipi. Si lile fupi la kulinda mlango, wala lile refu la kulinda nchi nzima. Hili linakaa katikati, kama vijana tuliokuwa tunawaweka kati ya zizi na mto, enzi za wizi wa ng'ombe.

Kijana wangu mkubwa ndiye aliyenifunza. Jeshi lilimpeleka China kusomea makombora hayo. Akakijua Kichina, basi wakambakiza awe mkalimani wa wenzake wanaofuata. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, na mwingine. Akipiga simu anasalimia, anauliza mvua, anauliza mguu wangu, halafu kimya. Maneno machache, kama marehemu baba yake. Namsikia anapumua tu, na mimi kubembeleza sikuzaliwa nako. Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza hao Wachina silaha hizo walizitoa wapi. Akaongea mpaka simu ikaisha chaji. Tangu hapo nikawa nauliza hayo hayo.

Ya siri hakusema, alisema ya vitabuni tu. Kwamba walianza kwa kuiga la Warusi. Kisha wakataka la kwao wenyewe, la masafa ya kati, wakahangaika nalo miaka na miaka. Lilianzwa kwa ajili ya nchi kavu, likahamishiwa melini, likarudishwa nchi kavu. Hilo la kwao lilitaka rada iendelee kuimulika ndege mpaka kombora lifike. Rada ikigeuza uso, kazi imeharibika. Ya siku hizi yanapanda juu wima kama moshi usio na upepo, ndipo yanageukia adui aliko. Nikamwambia kumbe hata kombora linajua kugeuka, wewe je? Akacheka. Kicheko hicho nilikaa nacho wiki nzima.

Sasa, kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya binti ni wa kaka yake aoe nao. Binti yangu alipoolewa Nyangoto, ng'ombe waliokuja walikuwa wa huyu mkubwa. Niliwatunza mwenyewe. Niliwaogesha dawa ya kupe, nikawakatia majani wakati wa kiangazi, wakazaa. Mdogo wake naye akapata mchumba upande wa Serengeti, ila mdogo hamruki mkubwa mpaka mkubwa aseme. Wazazi wa mchumba wakatuma neno kwamba wamechoka kusubiri.

Shemeji yangu, baba mdogo wa vijana hawa, akaja na kigoda chake akakaa mlangoni.

"Shemeji, hizo ng'ombe unazifuga, au unazifundisha kusubiri?"

Nikamwambia zina mwenyewe. Akasema mwenyewe muulize basi, maana kila akipiga unamuuliza habari za rada. Alikuwa amesema kweli, na nilikuwa na sababu yangu. Ng'ombe wale wakitoka, kijana wangu hana tena cha kumrudisha.

Alipopiga Jumapili, alianza mwenyewe. Alisema amekuwa akisoma habari za mainjinia wa lile kombora lao la kwanza, kwamba waliolianza wakiwa vijana walikuja kuliona linakamilika wakiwa na mvi. Nikamkatiza.

"Mura, kijana wangu, makombora acha. Unarudi kuoa, au hurudi?"

Nilisikia magari ya huko yakipita nyuma yake.

"Mama, mpe mdogo wangu hao ng'ombe."

"Nimekuuliza kurudi."

"Ndiyo nimekujibu, mama."

Nikasema nimesikia. Akauliza mguu, nikasema unaenda vizuri. Hapo mguu ulikuwa umevimba.

Ng'ombe walitoka asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Shemeji alitangulia na fimbo yake, mdogo mtu akafuata nyuma, hakunitazama usoni. Nikambariki, nikamwambia akishaoa asimpigie mkewe kelele mbele za watu. Wote walipita mlango wa zizi isipokuwa yule mweusi mwenye ndama. Huyo nilikuwa nimemwekea nia. Maziwa yake ndiyo nilitaka mke wa mkubwa wangu aanze nayo kupika nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni, akanigeukia, akanusa mkono wangu akidhani nimemletea chumvi.

Nikachukua fimbo nikampiga mgongoni, akaenda.