Siku Mshiriki B Aliposimama Kusalimia

Kuna aibu ambazo mtu huzizoea, na kuna ile ambayo hata ukiwa peke yako jikoni unakatakata sukuma, ikikurudia unafunga macho na kusema "Mungu wangu" kwa sauti. Yangu ni hiyo ya pili, na nawaambia nyinyi kwa sababu mtacheka tu, na pia kwa sababu jarida la chuo lililoisababisha liko maktaba, yeyote anaweza kulisoma.

Mambo yalianza vizuri. Katika somo la lugha na jamii, mhadhiri wetu Dakta Kemunto alitupa kazi ya kozi: tuchunguze jinsi watu wanavyozungumza pale tunapoishi. Wenzangu wakakimbilia lugha ya makanga wa matatu (kila mwaka ni makanga, maskini wa Mungu), mimi nikachagua jinsi watu wanavyokataa mwaliko bila kusema "siji". Sikwenda mbali. Ninaishi na aunty yangu Mbithe kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga huko Satellite, na wakati huo mwenye ploti, Mama Wambui, ambaye bado anakaa nasi pale langoni, alikuwa ametoka kumaliza kujenga nyumba Kinoo, akawaalika wapangaji wote kwa maombi ya shukrani na chakula cha mchana, na karibu ploti nzima haikwenda. (Mimi nilikuwa na mtihani. Mtihani wa kweli.)

Basi nikawahoji mmoja mmoja. Mama Wambui akanieleza bila kinyongo kwamba kila mtu alikuwa na sababu yake, na kwamba alirudi na sufuria nzima ya mukimo wa viazi na mahindi. Aunty akanieleza sababu yake hasa, huku akicheka hadi machozi. Baba Brayo, jirani yetu fundi wa friji, naye akanieleza yake. Nikaandika yote, nikaficha majina kama tulivyofundishwa: Mama Wambui akawa Mshiriki A, aunty B, Baba Brayo C. Nikapata alama ambazo sijawahi kupata maishani, na Dakta akasema kazi hiyo itatoka kwenye jarida la wanafunzi la chuo.

Sasa hapo ndipo nilipojichimbia. Nilipotangaza habari nyumbani ploti ilifurahi kana kwamba nimeteuliwa waziri, lakini aunty alipouliza jina lake liko ukurasa gani nikamwambia halipo, akanuna.

"Sasa mimi nitaonyesha watu wa kanisa nini? Tumekupea story yetu yote halafu hatuko?"

Nikaona nimtulize. "Uko, aunty. Wewe ndio B."

Akachangamka, na kwa kuwa sikutaka wengine wajione wametengwa, nikawaambia nao herufi zao. Nilikuwa na hakika hakuna atakayelisoma jarida hilo, maana nilikuwa nimejaza maneno kama "mikakati ya upole", ambayo hata mimi niliyajua wiki hiyo hiyo. Nisichokifikiria ni kwamba chuo kingefanya uzinduzi wa jarida, na kwamba watu wangu wangekuja.

Wakaja. Aunty na kitenge chake cha harusi, Baba Brayo na suti, Mama Wambui na kitambaa cheupe cha kanisani na kiondo cha ndizi, kwa sababu yeye haendi kwa watu mikono mitupu. Wakaketi mstari wa mbele katika ukumbi wa ghorofani pale katikati ya jiji, wakiangalia mapazia.

Mnajua mikutano yetu, haianzi mpaka wageni wasimame wajitambulishe, na mtu wa kanisa ukimpa nafasi ya kusalimia, basi umempa nafasi. Mwanafunzi aliyekuwa akiongoza shughuli akasema wageni wa mwandishi wasimame tuwaone, na Dakta, mtu pekee ambaye angezima moto huo, alikuwa ametoka kuulizia chai.

"Bwana asifiwe!" akaanza Baba Brayo. "Mimi naitwa Baba Brayo, natengeneza friji, na kwa hii kitabu mimi ndio C."

Makofi.

"Bwana asifiwe tena," akasema aunty. "Mimi ni aunty ya mwandishi, mimi ndio nimemlea hapa Nairobi. Mimi ni B."

Mama Wambui akampigia kigelegele, kisha akasimama mwenyewe. "Na mimi ni mwenye ploti. Mimi ni A. Huyu msichana aliniweka wa kwanza, Mungu ambariki."

Nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Halafu nikaitwa nisome. Nikasoma utangulizi polepole. Nikasoma mbinu za utafiti. Nikaanza kusoma marejeleo, jamani, marejeleo, jina na mwaka, jina na mwaka, ndipo Dakta, aliyekuwa amerudi na kikombe chake, akasema, "Wewe nawe una woga, leta hapa niwasomee mahali patamu," akalichukua jarida mkononi mwangu.

Dakta ana sauti ya mtangazaji wa redio. Akasoma kwamba Mshiriki C alimwarifu A kuwa amekwenda Machakos kumzika mjomba wake, na kwamba katika mahojiano C alikiri mjomba huyo yu hai na ana afya njema. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha vichwa vikageuka kumtafuta C. Baba Brayo alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake. Nikamvuta Dakta mkono, akadhani namshukuru, akaendelea: Mshiriki B alidai ameteguka mguu, A akamtumia viazi na dawa ya kuchua, kumbe mguu haukuwa na neno ila B hakutaka kukosa kipindi chake cha runinga, na wiki nzima ikambidi achecheme kila alipopita langoni.

Wanafunzi walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mama Wambui hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, ile anayouliza nayo kama maji yamerudi.

"Mbithe, kwani mguu haikuwa na kitu?"

Aunty akauvuta mguu akauficha chini ya kiti.

"Na mimi vile nilikuwa nakuombea."

Akachukua kiondo chake akatoka bila kunywa chai, na ndizi akaziacha mezani. Hawa wawili huachiana funguo na kukopeshana chumvi tangu mimi niko shule ya msingi, na nilikuwa nimewafarakanisha kwa aya moja. Niliumia, sitaki kuwadanganya.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa sababu Mama Wambui alitusalimia vizuri. Alisalimia, akapita. Aunty hakunisemesha ila "chakula iko kwa sufuria". Dakta akaniita ofisini, akaniuliza kama najua maana ya kuficha majina. Mwishowe aunty akaenda kubisha kwa Mama Wambui, akanikokota nyuma yake kama ushahidi, akaomba msamaha.

"Sitaki pole," Mama Wambui akasema. "Jumamosi napika tena, Kinoo. Mukimo ile ile. Nione nani ako na mjomba wa kuzika."

Jumamosi ploti nzima iliamka kupiga pasi. Mimi nikashuka ngazi nimebeba keki, nikiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa, nikakosa kidato cha mwisho. Keki ilisalimika. Mguu haukusalimika, ulivimba pale pale kama andazi. Nikampigia Mama Wambui, aliyekuwa ametangulia, nikamwambia usikasirike lakini nimeteguka mguu. Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Wewe ni herufi gani?" akauliza, akakata simu.

Nikaenda. Aunty upande huu, Baba Brayo upande ule, nikirukaruka kwa mguu mmoja pale Kinoo watu wakitushangaa. Mama Wambui alitungoja mlangoni, mikono kiunoni. Akanikalisha, akanivua kiatu, akaubonyeza mguu mpaka nikapiga nduru, ndipo akaangua kicheko.

"Kumbe huyu yake ni ya ukweli!"

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kuchua, akamkabidhi aunty.

"Mkande wewe, Mbithe. Si unajua vile inauma?"

Aunty akanikanda kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. Siku hizi nikialikwa mahali na sitaki kwenda, nasema siji. Na kazi ya kozi ya muhula huu nimeandika kuhusu mabango ya barabarani, kwa sababu bango haliwezi kuvaa kitenge, kusimama mbele za watu na kusema, Bwana asifiwe, mimi ndio B.