Tangazo la Kampeni Lililomwua Baba Yangu Akiwa Anakula Michembe

Wadau, mimi nimewahi kupewa pole ya msiba wa baba huku baba mwenyewe kakaa mbele yangu anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Siyo chai hii.

Naitwa Kija, fundi cherehani Bariadi mjini. Kwetu ni Sapiwi. Ijumaa hiyo nilikuwa nyumbani kwa sababu kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kupanga ng'ombe wa mahari.

Tatizo lilikuwa baba mdogo Bujiku, anayekaa Nkololo. Yeye na baba waligombania ngitili, lile eneo la malisho waliloachiwa na babu, wakanuniana. Baba mdogo akaapa hakanyagi kwetu. Baba naye akasema, "Bila Bujiku kukaa kikao, sipokei hata ndama."

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa inaning'inia. Mchumba wangu Masunga alishaanza kuniuliza maswali ya kona kona. Niliogopa kweli.

Sasa, kabla ya hapo walikuja vijana wa kamera kutoka Dar kutengeneza tangazo la kampeni la mgombea mmoja wa ubunge. Wakampenda baba. Mzee wa watu akatoka na suti yake ya kanisani.

"Hapana mzee, tunataka uhalisia," wakamwambia.

Wakamvalisha koti lililochanika. Koti lenyewe walikuja nalo kwenye begi!

Alhamisi, baada ya taarifa ya habari, tangazo likaruka kwenye TV. Picha haina rangi. Kinanda kinalia taratibu. Sauti nzito ikasema:

"Alikuwa baba. Alikuwa mkulima. Alibeba maji bila kulalamika. Leo, Mzee Mboje amepumzika."

Halafu picha inapata rangi, bomba linamwaga maji, baba anacheka. Walimaanisha amepumzika kubeba ndoo.

Ila Nkololo umeme ulikatika pale pale kwenye "amepumzika."

Baba mdogo alikuwa anaangalia na wenzake. Picha nyeusi na nyeupe, kinanda, alikuwa, alikuwa, amepumzika. Hebu niambie, kwetu sisi mtu akisikia hivyo anauliza nini tena?

Asubuhi simu yangu ikaanza. "Pole sana dada Kija. Mzee ametutoka."

Nikamwangalia mzee. Anatafuna.

Kabla sijajibu, kilio kikasikika njiani. Baba akachungulia dirishani, akamwona mdogo wake anakuja kashika kichwa kwa mikono miwili. Mnajua alifanya nini? Alibeba sahani yake akajificha nyuma ya mlango!

"Baba, toka bwana!"

"Nyamaza. Nataka nisikie ananiliaje."

Baba mdogo akaingia, akaanguka sakafuni. "Mayo wane, mama yangu wee! Kaka yangu! Ngitili ichukue yote, mimi ya nini? Nilikuwa nasubiri unitumie mtu tu, nije!"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia kweli. Nyuma ya mlango nikasikia mtu anavuta kamasi.

Baba akatoka, sahani mkononi, machozi yamefika kwenye ndevu. "Bujiku. Hata mimi nilikuwa nasubiri."

Baba mdogo alitoka nduki! Tulimkamatia kwenye shamba la pamba, anapiga kelele mzimu, mzimu. Ikabidi baba atafune mchembe mbele yake ndipo akaamini. Wakashikana pale pale, wakalia, wakacheka, wakalia tena.

Kufikia mchana nyumba imejaa waombolezaji, wamekuja na kuni na unga. Wakiambiwa mzee yupo, wanashangaa, wanacheka, na hakuna anayeondoka. Baba kuona wageni wengi hivyo, akavaa suti yake.

Mara gari la mgombea likaingia, kumbe habari za msiba zimemfikia na yeye. Akashuka kavaa nyeusi, uso umejaa huzuni, akaanza kushika watu mikono mmoja mmoja mpaka akafika kwa baba.

"Pole sana mzee wangu. Marehemu nilimfahamu vizuri, alikuwa kama baba kwangu. Kwani wewe alikuwa nani yako?"

Baba akamtazama.

"Alikuwa mimi."

Baba mdogo ndiye wa kwanza kuangua kicheko, na uwanja mzima ukafuata. Mheshimiwa jasho likamtoka, akachomoa simu.

"Nisamehe mzee. Tangazo naliondoa sasa hivi."

Baba akamshika mkono haraka. "Mheshimiwa, liache kwanza. Nina shemeji yangu kule Nyalikungu, naye tumenuniana. Labda hajaliona."

Jumamosi baba mdogo alikaa kikao, tena ndiye aliyebana kuliko wote kwenye ng'ombe. Masunga alikoma. Ila leo niko kwake, na ndoa ni tamu.

Wadau, watu wa matangazo wanajua kupanga maneno, ila hawajui sisi tunayasikiaje. Hilo la kwao. La kwetu ni hili: yule ndugu mliyenuniana naye, na yeye yupo mahali anasubiri uanze. Mpigie leo. Usingoje televisheni ikusemee.