Miche Mitatu ya Bluberi na Kiyoyozi Kimoja

Kwetu ni Njombe, ambako asubuhi za kipupwe nyasi zinaganda. Jambo hilo nilimsimulia siku moja Mama mwenye nyumba niliyokuwa nikifanyia kazi Doha, ya kufungua geti na kumwagilia maua. Akaamua kwamba mtu wa baridi lazima ajue mimea ya baridi, akanichukua kwenda kununua miche ya bluberi. Sikumkatalia. Bluberi nilikuwa nimeiona kwenye pakiti ya mtindi.

Kitaluni kulikuwa na aina mbili: ya nchi za theluji, na nyingine inayoridhika na baridi kidogo. Nikamshauri achukue ya pili. Akachukua miwili ya theluji, kwa kuwa kadi yake ilikuwa na picha nzuri, na mmoja wa ile nyingine ili nisinune.

Kadi ilitaka udongo mchachu. Mimi kwa uchachu najua ukwaju, basi nikaimwagia miche maji ya ukwaju niliyobakisha kwenye futari, yenye sukari. Kesho yake sisimizi wote wa mtaa wetu wa Al Sadd walikuwa kwenye vyungu vyangu. Nikarudi kwenye kadi.

Kadi ilitaka pia baridi. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, na kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa. Nilikuwa nimemwambia Mama hilo majira mawili ya joto, akinijibu "bukra", yaani kesho. Nilikuwa nikilala sakafuni juu ya kanga iliyoloweshwa maji. Miche ilipofika, Mama alisema ikae chumbani kwangu jua likiwa kali. Fundi alikuja kabla ya adhuhuri.

Dereva wa nyumba, Mkenya, alisimama mlangoni akaitazama miche ikipulizwa.

"Hizi mimea ziko na maisha poa kutuliko," akasema, kisha akaketi katikati yake.

Nikaitunza kama mboni ya jicho. Niliitoa asubuhi, nikaiingiza jua lilipopanda, nikaifuta majani vumbi. Miwili ya theluji haikukua wala haikufa. Ule wa tatu ukatoa maua.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Familia ilikuwa inajenga nyumba mpya Lusail, nje ya Doha, yenye chumba cha vioo, na Mama alikuwa amesema mche ukizaa tu, yote itahamia huko, na baridi yangu nayo. Kadi ilisema mwaka wa kwanza maua yachumwe ili mti upate nguvu. Nilimsomea Mama sentensi hiyo mara mbili, nikayachuma yote. Ilikuwa kweli, na nilikuwa mwongo.

Mwaka wa pili maua yalirudi mengi zaidi. Nilisimama mbele yake na vidole tayari. Lakini miaka miwili nimeulea mti, sijaona hata tunda. Nikashindwa. Zikaja bluberi tisa. Mama akala nane, akasema ni chachu, akanipa moja. Kweli ilikuwa chachu.

Tulihamia Lusail Juni. Chumba cha vioo kilikuwa na viyoyozi viwili. Chumba changu kilikuwa na pangaboi, lililozungusha joto lile lile bila kulipunguza.

Nikawa mtunza bustani asiyeondoka bustanini. Nilikula kwa miche, nikaswali kwa miche, mchana nikajinyoosha kwenye mkeka kati ya vyungu. Baada ya wiki Mama akanikuta hapo, akauliza kama kadi inasema miti isiachwe peke yake.

Nilikuwa na jibu tayari, na ningeweza hata kumsomea. Nikachoka ghafla. Nikakaa kitako, nikamwambia chumbani kwangu kuna joto, silali.

Mama aliutazama mkeka, akanitazama mimi. Alionekana kusikitika kwa dhati.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?" akasema.

Akampigia fundi simu pale pale. Nikamsikia akimweleza kwamba ni kwa ajili ya miti.