Wafula Asiye na Ghala

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, kwa sababu ilinuka tumbaku. Nilikuwa nimejificha Malakisi kwa senge Nasimiyu, dada mkubwa wa baba. Sikuwa nimeiba wala kupigana na mtu. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa kuingia chuo cha sheria, na kule kwetu Kibomet, Kitale, majirani walikuwa wameshaanza kumwita baba yangu Baba Wakili.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa na digrii moja na mdomo wa digrii tatu. Sikumeza neno bila kulitafuna. Mtu akiniambia haraka haraka haina baraka, nilimuuliza mbona basi la Nairobi halimsubiri mtu wa pole pole. Pasta alikuwa akiniona anabadilisha njia. Hata leo, ingawa mmenikalisha kwenye kiti cha wazee, methali ikipita mbele yangu naisimamisha kwanza niiulize inakoenda.

Mtihani wenyewe ulifanyiwa katika ukumbi mmoja mjini Bungoma, na ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa ya ufahamu: habari ndefu, ngumu kama muwa mkavu, kisha maswali. Ya pili ilikuwa ya kupima hoja: unapewa maneno machache, unaulizwa yanaleta jambo gani na hayaleti lipi. Ya tatu ilikuwa mafumbo ya kupanga watu: wachuuzi sita, siku sita za soko, huyu hawezi kumfuata yule. Ya mwisho ilikuwa insha. Ugumu haukuwa katika maswali peke yake. Kila sehemu ilikuwa na dakika zake, na kengele ikilia, karatasi inachukuliwa hata kama kalamu iko hewani.

Katika sehemu ya pili nilikutana na Wafula. Swali lilisema: kila mkulima anayepanda mahindi ana ghala, Wafula hana ghala, je, tunajua nini kumhusu Wafula? Mimi ni mtoto wa Kitale, mwanangu. Nimelala chumba kimoja na magunia ya mahindi kwa sababu hatukuwa na ghala. Nilikasirika. Nikachagua jibu lililosema hatuwezi kujua lolote, na pembeni nikaandika kwamba aliyetunga swali aje Kibomet ajionee. Nilitoka ukumbini kifua mbele. Barua ya matokeo ilipokuja, insha nilikuwa nimeipita vizuri sana, ufahamu na hoja nilikuwa chini kabisa. Mwishoni iliandikwa kwamba mtu hupewa nafasi mbili tu, na yangu moja imekwisha.

Basi nikawa Malakisi, nikimsaidia senge kupanga majani ya tumbaku yaliyokauka, na kunung'unika. Senge alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, lakini majirani walikuwa wamemchagua kusikiliza ugomvi wao. Mchana wa siku ile ninayokuambia wakaja wanawake wawili, Mama Khisa na Mama Simiyu, waliokuwa wakishirikiana banda moja la kukaushia tumbaku. Moto ulikuwa umezimika zamu ya Mama Simiyu, na majani ya Mama Khisa yakaharibika. Mama Khisa alieleza taratibu. Hata hajamaliza vizuri, mimi nikaingilia na hukumu yangu kwamba Mama Simiyu ana makosa, hakulinda moto.

Senge hakuniangalia. Aliendelea kufunga majani. "Kwangu hapa," akasema, "mtu hajibu neno kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe. Haya, wakili. Mama Khisa amesema nini?"

"Amesema mwenzake ni mzembe."

"Hapana," akasema Mama Khisa. "Sijasema hivyo."

"Amesema alipwe majani yake."

"Hata hilo sijasema, bana. Ati huyu ndiye alisoma?"

Wote wawili wakacheka, wale waliokuja wamenuniana. Uso ulinichoma. Nilimwomba Mama Khisa aseme tena, na safari hii nikanyamaza hata moyoni. Kisha nikarudisha: moto ulizimika, na moto huzimika wakati mwingine, kinachokuuma ni kwamba mwenzako alijua na hakukuita.

"Hapo sasa," akasema.

Mama Simiyu akainamisha kichwa. Alisema polepole kwamba aliona aibu kumwamsha, na kwamba wiki nzima alidhani anadaiwa majani. Ugomvi uliisha hapo, bila hukumu yangu.

Walipoondoka, senge aliniuliza hao wa Bungoma waliniuliza nini hasa. Nikamwambia habari za Wafula na ghala lake, nikijua atanitetea.

"Basi Wafula hapandi mahindi," akasema, bila hata kuinua macho.

"Lakini senge, si kweli kwamba kila—"

"Nani alikuuliza kama ni kweli? Mtu amekupa maneno yake. Mrudishie yakiwa mazima. Siku yako ya kusema ikifika, mbishie mpaka achoke."

Nilirudi Bungoma baada ya miezi mitatu. Katika sehemu tatu za kwanza nilimrudishia kila mtu maneno yake. Katika ya nne, ile ya insha, siku yangu ilikuwa imefika, na nilibisha mpaka kengele. Nilipita sehemu zote nne.

Siku niliyovaa joho la uwakili, senge alikuja na kitambaa kipya kichwani, akawaambia wote waliokaa karibu naye, "Huyu nilimfundisha mimi." Mimi ninayehoji kila kitu sikuwa na swali. Na nikisimama mahakamani leo, wakili wa upande wa pili hunisikia nikieleza hoja yake vizuri kuliko alivyoieleza mwenyewe, kabla sijaivunja. Hilo ninajivunia, na sioni haya.

Mwanangu, usiache kuuliza. Atakayekuambia uache, muulize kwa nini. Lakini kabla ya kumpinga mtu, mrudishie neno lake mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndilo. Mtihani huo ni mgumu kuliko wangu, na hauna kengele.

Mungu akupe sikio la senge Nasimiyu, na siku yako ya kusema ikifika, ikukute na sauti.