Kumsindikiza Sista wa Vitenzi

Ko, ko, ko. Mpaka leo nausikia mkongojo wa yule sista mzee ukigonga saruji ya baraza, kila neno na pigo lake. Nilikuwa mfua nguo kwenye nyumba ya masista, nje kidogo ya Songea mjini. Shule niliishia kidato cha nne, tena kwa kuponea. Yeye Mjerumani, amezeekea hapa hapa, na ujanani alisomea lugha za mababu zao: Wagothi, Waingereza wa kale, watu wa kaskazini kwenye barafu. Wenzake wa rika lake walishalala wote makaburini nyuma ya kanisa. Wangu mimi walikuwa Tunduru na Dar, wanatafuta maisha. Basi jioni tunakaa wawili, mimi nakunja mashuka, yeye ananifundisha vitenzi vikaidi.

"Kwenda," anasema. "Wagothi?"

"Gaggan."

"Na jana?"

"Iddja."

"Zinafanana?"

"Hata kidogo, Sista."

Anacheka mpaka anakohoa. Alinieleza kuwa kitenzi hicho hakikuwa na jana yake chenyewe, kikachukua ya kitenzi kingine, kama mtoto aliyelelewa na mama mdogo. Waingereza wa kale hivyo hivyo: gān, halafu ēode. Alisema vitenzi vya kila siku ndivyo vinavyobaki na ukaidi wao. Visivyotajwa sana husahau, vikafuata mkumbo. Nikamwambia hata sisi tunasema nakula, hatusemi nala. Akafurahi kama nimemletea embe.

Mpishi akipita na sufuria lazima anichokoze. "Haya dada, Kijerumani cha marehemu kimefika wapi? Utaongea na nani?"

"Na Sista."

"Na Sista akiondoka?"

Niliendelea kukunja shuka.

Haukupita muda, wakubwa wake wakaamua arudishwe kwao akatunzwe. Nikamwambia, "Siku hiyo nitakusindikiza."

"Mwanangu, mimi naenda na gari."

"Basi liende polepole."

Kwetu mtu haagwi mlangoni. Unatoka naye, mnatembea kipande cha njia mkipiga soga, na pale mnapoachana ndipo anakuwa ameondoka kweli. Sikutaka zawadi wala picha. Nilitaka kile kipande cha njia tu.

Asubuhi ile gari likaja mapema. Sista alinishika mkono, akakaa nao. Dereva akasema, "Dada, sogea kidogo, Dar ni mbali." Mlango ukafungwa. Vumbi lilipotulia, mpishi alisharudi jikoni na getini nilibaki mimi.

Nikajifunga kanga vizuri, nikatoka kumsindikiza hivyo hivyo, kama yuko ubavuni. Nilitembea pembeni, kwenye mashimo, katikati palipo sawa nikamwachia yeye. Sikuharakisha, maana mguu wake wa kulia ulikuwa mbovu. Lami ilipoanzia nikasimama, nikasema, "Haya Sista, ufike salama," nikageuka nikarudi kufua.