Mlima Uliofyekwa

Mjukuu akifyeka hapa uani, ile harufu ya majani mabichi inanikasirisha mpaka leo.

Miaka mingi nyuma, mvua zilikuwa zinaisha, mlima wetu juu ya kijiji cha Karema umejaa maua. Mzungu mmoja wa kamera akamwambia mama kwa sauti yake ya puani, "Mamaa, kesho ukungu ukitoka, napiga picha mlima, na mtoto katikati ya maua."

Mtoto ndiye mimi! Nikasukwa, nikavalishwa gauni la kanisani.

Kumbe alfajiri mama na majirani wamepanda mlimani na mafyekeo. Ukungu kutoka, mlima kipara.

"Maua wapi?" mzungu akalia.

Mama akapiga magoti. "Baba, yale magugu? Mgeni hapokelewi porini. Tumekusafishia."

Mzungu akafunga kamera, akashuka. Mimi nimesimama palepale mlimani, natabasamu, nangoja picha.