Mibofyo Miwili ya Mama Kwamboka

Nakumbuka asubuhi moja kule Birongo: kabla sijamwona mtu, nilisikia kipanya cha kompyuta kikilia ng'ambo ya mlango. Tik-tik. Kimya. Tik-tik. Mwanangu, sauti ile ilikuwa ikinitajia kosa langu, nami nilisimama nje nikipangusa tope viatuni.

Ndani alikuwa Mama Kwamboka, karani wa zahanati, aliyemjua kwa jina kila mtoto aliyechanjwa pale. Programu ya kutunza majina hayo niliiandika mimi. Sasa majina yalikuwa yakipotea, na msimamizi wa zahanati, aliyesimama kando yake, alikuwa ameniita nieleze.

"Programu yako inakula watoto wangu," Mama aliniambia. "Nionyeshe wanakokwenda."

"Mama, kompyuta haili watu. Labda vidole vyako vimezoea jembe."

Msimamizi akacheka. Laiti ningeweza kulimeza tena neno lile.

Nikamwomba afungue jina moja. Akabofya mara mbili, kama alivyofundishwa chuoni Kisii mjini. Mbofyo wa kwanza ulifungua ukurasa wa mtoto. Wa pili ukaangukia kitufe cha kufuta, nilichokuwa nimekiweka palepale chini ya mshale wa kipanya, bila hata swali la kumuuliza kama ana hakika. Jina likatoweka.

"Umeona?" akauliza.

Niliona. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeelewa. Programu nilikuwa nimeijaribu kwa mkono wangu tu, mkono unaobofya mara moja.

"Nimeona umefuta mwenyewe, Mama."

Haukuwa uongo, na ndiyo maana neno lile linaniuma mpaka leo. Msimamizi akamwachisha kazi palepale. Baadaye nilirekebisha kitufe kile kimyakimya, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwanangu, wewe unayeandika programu sasa, kaa kwanza nyuma ya mtu atakayeitumia, utazame mkono wake kabla hujauamini wako. Mbofyo wa pili ukija mbio, upuuze. Kabla ya kufuta, programu yako iulize. Na ukikosea, sema hapohapo, mwingine asibebe lawama yako. Mungu aibariki mikono yako, na akujalie ulimi wenye ujasiri kuliko huu wangu.

Siku ile, Mama Kwamboka alichukua leso na mwavuli wake. Alinitazama kidogo, kama anayenipa nafasi ya kusema. Nikakigeukia kioo cha kompyuta. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, nao ukalia tik, mara moja tu.